Kabla hujakopa pesa ya RAM, punguza otomata yako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa uzamili huko Juja aliniandikia hivi: "Habari mwalimu. Nina otomata ya hali mia nne na kitu. Nikijaribu kuifanya iwe bainifu, laptopu inaganda mpaka naizima kwa nguvu. Nipunguze vipi? Ama nichukue mkopo ninunue RAM?"

Nilicheka, kisha nikakasirika. Si yeye aliyenikasirisha. Ni hilo neno RAM, ambalo tangu nianze kazi hii nimelisikia likitumiwa kufunga mjadala. Basi nimjibu hapa mbele ya watu, kwa kuwa nyinyi mnaonisoma mnataka kile ninachokitaka mimi: otomata ndogo, inayokimbia, na ambayo lugha yake haijabadilika hata kwa neno moja. Kwa mgeni: otomata ni mashine ya kwenye karatasi inayosoma maneno ikiruka kutoka hali moja hadi nyingine, na lugha yake ni mafungu yote ya maneno inayoyakubali. Ikiwa bainifu, kwa kila neno ina hatua moja tu ya kupiga; isiyo bainifu inaweza kuwa na kadhaa.

Jibu fupi: usikimbilie kuifanya bainifu. Ipunguze kwanza ikiwa hivyo hivyo ilivyo, kwa uigaji, yaani kwa kuangalia hali ipi inaweza kufanya yote yanayofanywa na nyingine, na huenda usihitaji tena kuigeuza. Jibu refu lina historia yangu ndani yake, mnivumilie.

Siku ya kutetea pendekezo langu la tasnifu niliingia na mada hii hii. Nilikuwa nimeazima koti la dada yangu, na slaidi nimezipanga mpaka usiku wa manane. Mzee mmoja wa jopo, msomi ambaye jina lake bado linatajwa kwa heshima, alifunga nakala yake kabla sijafika kwenye mfano wa kwanza. "Binti," akasema, "hii itamsaidia mwananchi gani wa Kenya?" Wenzake wakacheka, kile kicheko cha watu wanaosubiri chai. Nikashauriwa nitafute kitu cha kilimo. Sitataja chuo, wanajijua. Nilikataa kubadilisha mada, nikaimaliza kwa shida, na miaka iliyofuata haina la kusimulia zaidi ya kodi ya nyumba Roysambu na kazi za kutengeneza tovuti za maharusi.

Kisha nikaajiriwa na kampuni changa kwenye barabara ya Ngong. Kazi yenyewe: mtu akipokea SMS anayoitilia shaka anatutumia, nasi tunamwambia kama ni utapeli. Mnazijua hizo. "Ile pesa tuma kwa hii namba." Kila aina ya ujumbe ilikuwa na kanuni yake, kila kanuni ni otomata ndogo inayosoma neno baada ya neno, na zote zimefungwa kwenye hali moja ya kuanzia. Kila fundi aliyepita pale aliongeza zake bila kusoma za aliyemtangulia. Ikafika siku mkuu wa mafundi akaamuru mzigo wote ugeuzwe kuwa bainifu ili mfumo uende kasi. Seva ikajaa, ikazimika. Dawa yake? RAM. Ikajaa hiyo nayo.

Hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo kwa yeyote aliyetaka kuiona. Chukua kanuni isemayo neno la ishirini kutoka mwisho liwe "tuma". Otomata isiyo bainifu inaieleza kwa hali 21. Iliyo bainifu, hata ile ndogo kuliko zote, inadai hali 1,048,576, kwa kuwa lazima ikumbuke, kwa kila moja ya maneno ishirini ya mwisho, kama lilikuwa "tuma" au la. Ongeza neno moja tu, idadi inakuwa maradufu. Hakuna duka Luthuli Avenue linalouza RAM ya kushindana na hilo.

Nikachukua daftari la hesabu, lile la miraba, na kanuni mbili tu. Ya kwanza: pesa, tuma, kwa, hii, namba. Ya pili, iliyoongezwa na mtu mwingine baadaye: pesa, tuma, kwa, hii, halafu ama "namba" ama "nambari". Hali ya kuanzia ina kitanzi cha neno lolote, na zile za kukubali, ambako kanuni imeshatimia, pia zina kitanzi kama hicho. Jumla ni hali 11: moja ya kuanzia, na tano tano kwa kila kanuni.

Sasa uigaji wenyewe. Hali p inaigwa na hali q mambo mawili yakitimia. Kwanza, p ikiwa ni ya kukubali, q nayo iwe ya kukubali. Pili, kila hatua ambayo p inaweza kupiga kwa neno fulani, q iweze kupiga hatua kwa neno lilo hilo na kufika mahali ambapo bado inaiiga p kule ilikofika. Kuutafuta uhusiano huu hakutaki ujanja. Andika jozi zote kwenye jedwali. Futa kila jozi ambayo p inakubali na q haikubali. Kisha futa kila jozi ambayo p ina hatua isiyo na jibu kwa q miongoni mwa jozi ambazo hazijafutwa. Rudia mpaka kusiwe na cha kufuta.

Kwenye daftari langu hali mbili za mwisho ziliigana pande zote, nikaziunganisha. Hali ya nne ya kanuni ya kwanza, inayosubiri "namba" peke yake, iliigwa na ya nne ya kanuni ya pili. Kinyume chake hakikuwezekana, kwani "nambari" haina jibu kwa ile ya kwanza. Basi ya tatu ikaigwa na ya tatu, ya pili na ya pili, mpaka mwanzo wa tawi. Utamu uko hapo mwanzoni: ukiacha kitanzi, hali ya kuanzia ina mipito (mishale ya hatua) miwili ya neno "pesa", mmoja unaingia tawi kubwa, mwingine unaingia tawi linaloigwa na hilo kubwa. Doron Bustan na Orna Grumberg, katika makala yao ya 2003, wanamwita huyu wa pili ndugu mdogo, na anakatwa. Lolote ambalo mdogo angelikubali, mkubwa analikubali. Nikafuta mpito mmoja, hali nne zikawa hazifikiki, nikazitupa. Zikabaki 6. Anayedai hali zilingane sawasawa pande zote ndipo aziunganishe angebaki na 10 na kuridhika.

Ukimaliza, geuza mishale. Chukua kanuni mbili nyingine: "pesa tuma kwa hii namba" na "pesa tuma kwa hii laini" zinatofautiana mkiani, kwa hiyo ukizitazama kwenda mbele ni hali zao za mwisho tu zinazoungana. Zitazame kwenda nyuma, hali ya kuanzia ikichukua nafasi ya ile ya kukubali, na hali nne za kila kichwa zinaungana moja moja na wenzake. Hapo tena kutoka 11 unafika 6.

Niliyafanya haya jioni, wenzangu wakiwa wameenda nyama choma, kisha nikayaandikia programu. Otomata ya kampuni ilipungua hadi ile seva ya zamani, iliyokuwa imeshatupwa stoo, ikaibeba bila kuhema. Mkuu wa mafundi alinitumia dole gumba kwenye WhatsApp. Mbele ya wawekezaji akasema, "Tuliuboresha mfumo." Tuliuboresha! Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Leo mwananchi wa Githurai akituma ile SMS yake anajibiwa papo hapo, na ningependa mzee wa jopo ajue ni mwananchi gani.

Ndiyo maana nawaambia, mdogo wangu wa Juja na wenzako: ipunguzeni kabla ya kuigeuza. Nimeshasema, narudia. Vijana wa Nairobi tumezoea kutatua kila kitu kwa kununua, na mtu akitaja nadharia anaambiwa apeleke mambo ya chuo chuoni. Robin Milner aliuandika uigaji baina ya programu mwaka 1971. Someni vitu vya zamani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Na acheni kutafuta otomata ndogo kuliko zote. Kwa zilizo bainifu inawezekana, na John Hopcroft alitoa njia ya haraka mwaka huo huo wa 1971. Kwa zisizo bainifu, Tao Jiang na Bala Ravikumar walionyesha mwaka 1993 jinsi tatizo hilo lilivyo gumu, na hata kuuliza tu kama lugha ya hali moja imo ndani ya lugha ya nyingine ni kazi inayoweza kukutoa jasho mpaka ustaafu. Uigaji ni rahisi kwa sababu hauulizi swali hilo lote. Monika Henzinger, Thomas Henzinger na Peter Kopke walionyesha mwaka 1995 kwamba unaweza kukokotolewa kwa muda usiozidi sana idadi ya hali ukizidisha kwa idadi ya mipito. Bei yake ni kwamba unapitwa na baadhi ya nafasi. Otomata inayosoma "tuma" kisha ikachagua "namba" au "laini", na ile inayochagua tawi tangu "tuma", zina lugha moja, lakini ya pili haiwezi kuiiga ya kwanza kwa kuwa imejifunga mapema mno. Lorenzo Clemente na Richard Mayr, mwaka 2013, waliliziba pengo hilo kwa sehemu kubwa kwa kumruhusu anayeiga achungulie hatua kadhaa mbele kabla hajajibu. Mimi naanza na uigaji wa kawaida, na nikikwama ndipo nachungulia.

Onyo moja, na hili nimeliona kwenye programu za watu wanaojiita magwiji. Usiunganishe kwa mbele na kwa nyuma kwa mkupuo mmoja. Tuseme p na q zinalingana kwenda mbele, q na r zinalingana kwenda nyuma. Ukizichanganya zote tatu, neno litaingia kwa njia ya p na kutokea kwa njia ya r, njia ambayo hakuna kanuni iliyoiandika, na ujumbe wa mama anayeomba karo utaitwa utapeli. Unganisha upande mmoja, kokotoa jedwali upya, ndipo ugeukie upande wa pili. Endelea hivyo kwa zamu mpaka ikatae kupungua.

Wenye otomata za Büchi, zile zinazosoma maneno yasiyo na mwisho, kwenu kuna mtego zaidi, kwa sababu uigaji uko wa aina kadhaa. Ule wa moja kwa moja, yaani huu niliouleza hapo juu, ni salama kuunganishia hali. Ule wa kuchelewesha, ambapo anayeiga anaruhusiwa kufika kwenye hali ya kukubali baadaye kidogo, nao ni salama, na unaunganisha nyingi zaidi. Ule wa haki, unaodai tu kwamba p ikipita hali za kukubali bila kikomo q nayo ipite hivyo, unaonekana mtamu kuliko yote, lakini ukiunganisha hali kwa huo lugha inaweza kubadilika. Kousha Etessami, Thomas Wilke na Rebecca Schuller walilieleza vizuri mwaka 2001. Kagueni programu zenu zinatumia upi kabla hamjaniandikia kwamba uigaji umewaharibia lugha.