Barua kwa binti yangu: mwizi aliyekaa kwenye barua pepe

Kirumba, Mwanza

Binti yangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza, duka lako la vifaa vya ujenzi hapo Nyakato lina kompyuta mbili tu, kwa nini umlipe mtaalamu wa usalama wa mtandao wakati binamu yako anajua kompyuta na anaridhika na hela ya soda? Nakujibu kwa jambo nililokuficha ulipokuwa chuo, maana ungekosa usingizi ukiwaza ada.

Mwaka ule mteja wetu wa dagaa wa Bujumbura alilipa shilingi milioni 14 kwenye akaunti isiyo yetu. Magunia yalikuwa yameshapakiwa pale Mwaloni. Nilipompigia kuuliza hela, akasema, "Mzee, si ulinitumia akaunti mpya juzi?" Akanirushia ile ankara. Nembo yetu, saini yangu, hata ile salamu yangu ya "watoto hawajambo?" ilikuwemo. Kilichokuwa kigeni ni namba ya akaunti. Benki ikafuatilia, ikakuta hela imeshatolewa.

Binamu yako alikuja jioni ileile. Akafuta kompyuta nzima, akaweka Windows upya, akabadilisha nywila. Tukamshukuru. Wiki tatu baadaye mteja wa Goma naye akaletewa ankara ya namna hiyohiyo. Mungu ni mwema, huyu alipiga simu kabla ya kulipa.

Ndipo nikatafuta mtu aliyeisomea kazi hiyo. Kompyuta hata hakuiwasha. Alifungua barua pepe yetu kwenye simu yake, akaingia kwenye mipangilio, akanionyesha mstari mmoja: kila barua yenye neno "ankara" au "malipo" inatumwa nakala kwa anwani nisiyoijua, kisha inahamishiwa kwenye folda ambayo sijawahi kuifungua. Miezi yote hiyo mtu alikuwa anasoma barua zangu, anajifunza ninavyosalimia. Nywila ilibadilishwa, mstari ukabaki palepale. Yule mtaalamu akaufuta, akaviondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti, akaweka uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi tena kuingia. Kisha akaniambia niwapigie wateja wote mmoja mmoja: wakiletewa akaunti mpya, wapige kwanza namba yangu waliyoizoea, wasipige ile iliyoandikwa kwenye barua.

Binamu yako simlaumu hata kidogo. Kompyuta ikigoma, ataifufua. Kufuata nyayo za mwizi ni ufundi mwingine, una shule yake na mitihani yake.

Tena wewe unakopesha. Una majina, simu na namba za NIDA za mafundi wote wa mtaa. Zikivuja, wanaoumia ni wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, na udogo wa duka haukuondolei wajibu wa kuzilinda.

Kumwajiri moja kwa moja hutaweza, najua. Zungumza na majirani zako wawili watatu wenye maduka, mchangie awe anapita kila mwezi, kwa mkataba wa maandishi. Muulize vyeti, halafu mwambie arudishe faili moja la hesabu zako kutoka kwenye nakala ya akiba, mbele ya macho yako. Akianza kujiumauma, tafuta mwingine.

Jumamosi nitakuja hapo dukani na ile ankara ya bandia, niliichapisha nikaitunza. Kabla sijafika, fungua mipangilio ya barua pepe yako uangalie kama kuna mstari usioujua.

Baba yako