Kuazima si kutunuku

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama redio zilazimishwe kutaja jina la mtunzi wa mashairi kila wimbo unapopigwa. Sijamaliza kulisoma swali, jibu lishanitoka: ndiyo, tena tumechelewa. Lakini linaloniuma mimi liko kando kidogo ya swali lenu. Nani ana haki ya kubadili neno?

Mjomba wangu alikuwa mtunzi hapa Mji wa Kale, Mombasa. Hakuimba wala hakupiga ala. Watu walimjia na ya moyoni mwao, naye akayatia vina na mizani, kisha shairi likapelekwa kwa mwimbaji. Ndivyo taarab yetu ilivyokwenda. Juma Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, Zein l'Abdin akaimba ya Sheikh Nabhany. Waulize vijana leo, watakutajia waimbaji tu.

Mwaka 1986, nikiwa na miaka kumi na moja, alikuja mama mmoja jirani baada ya alasiri. Alikaa ukumbini na buibui lake hakulivua. Shoga yake, aliyemkaribisha kwake alipokuwa hana pa kulala, alikuwa anaolewa na mume wa huyu mama. Mjomba alisikiliza mpaka magharibi. Baada ya siku nne shairi likawa tayari, na mstari wa kwanza nimeuhifadhi mpaka leo: *Kinu nilikuazima, utwange upate kula.* Hakuna mume humo, hakuna mke mwenza. Kinu tu.

Likaimbwa kwenye harusi ya watu wengine, Kibokoni. Yule mama alikuwa ameketi safu ya pili, noti za kutuza kazifunga pembeni mwa leso. Mwimbaji akaanza: *Kinu nilikutunuku.* Mizani ni ile ile nane, na huenda sauti ilimpendeza zaidi. Kina cha "ma" kikapotea, lakini hilo ni dogo. Cha kuazima hurudishwa. Ulichomtunuku mtu ni chake. Kwa neno moja yule mama akawa amemkabidhi mumewe kwa hiari yake. Wanawake walishangilia, wakainuka kutuza. Yeye hakuinuka. Nilitoka nje mbio, nikamkuta mjomba kwa muuza kahawa, anasikia yote kwenye spika. Kikombe alikuwa ameshakiweka chini. Hakuniambia kitu. Baadaye kanda ziliuzwa zina picha ya mwimbaji, zina neno lake "kutunuku", na jina la mjomba halimo.

Kwa hiyo niliketi kuandika kwa hasira. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, basi redio inashindwa nini kutaja jina?

Ila nimefika hapa nikakumbuka asubuhi ya pili yake. Yule mama alirudi. Nilidhani kaja kulalamikia lile neno, kumbe kaja kumuomba mjomba asimwambie yeyote kwamba shairi ni lake yeye mtunzi. Mtaa mzima ulimuona akiingia kwetu. Jina la mtunzi likijulikana, fumbo limefumbuliwa, na aibu inamrudia yeye. Mjomba alikubali papo hapo.

Basi nasema hivi, ingawa sivyo nilivyoanza. Mtunzi alipwe, kila mara, hilo silipunguzi. Neno lisiguswe mpaka aulizwe. Nyimbo za mapenzi ya kubuni na za kampeni, tajeni majina mchana kutwa. Lakini shairi lililotungwa kwa kilio cha mtu, redio isilazimishwe. Aulizwe kwanza mtunzi, naye amuulize aliyemlilia. Najua wapo watakaojificha nyuma ya kauli yangu ili wasimtaje mtu, na hilo linanikera.

Mjomba ametangulia mbele ya haki. Yule mama yu hai, na tunasalimiana. Ndiyo maana jina la mjomba sikuliandika humu.