Niliteleza dukani, sasa wanataka nisaini karatasi: nifanyeje?

SWALI

Habari za kazi, wakili. Siku sita zilizopita niliteleza kwenye maji karibu na majokofu ya duka kubwa, nikaangukia kiganja cha kulia. Meneja alininyanyua, nami nikamwambia "samahani, sikuangalia", maana kweli nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu. Eksirei ya siku ile haikuonyesha mfupa uliovunjika, lakini mkono bado unauma, na kazi yangu ni ushonaji. Jana meneja amepiga simu: watanirudishia gharama za hospitali na kunilipa siku tatu nilizokosa kazini, mradi nisaini kwamba "nimepokea malipo kamili na ya mwisho na sina dai lingine lolote". Mlangoni pao kuna bango kwamba mteja anaingia kwa hatari yake mwenyewe. Je, nina haki yoyote, au nichukue hizo hela yaishe?

Dada mshonaji

JIBU

Dada yangu, pole sana. Nianze na la haraka: usisaini karatasi hiyo kwa sasa, na sababu yangu ya kwanza inatoka hospitali, haitoki kwenye vitabu vya sheria.

Nyoosha kidole gumba cha mkono ulioumia, kielekee juu. Kwenye mzizi wake, karibu na kifundo, kunatokea kishimo kidogo. Kibonyeze taratibu. Kama hapo ndipo panapouma, rudi kwa daktari, umweleze kwamba uliangukia kiganja huku mkono umenyooka. Chini ya kishimo hicho kuna mfupa mdogo uitwao skafoidi, na ufa wake una tabia ya kujificha kwenye eksirei ya siku za mwanzo. Ndiyo maana madaktari wakiushuku huufunga mkono na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14, au huagiza kipimo kinachoona zaidi. Damu inaufikia mfupa huu kwa shida. Ukiachwa bila matibabu unaweza usiunge, na miaka ya baadaye kifundo kikaanza kusagika na kukakamaa. Kwa mtu anayeshika mkasi na kusukuma kitambaa chini ya sindano kutwa nzima, hilo ni jambo zito. Hata kama hapaumi pale, maumivu ya siku sita bado yanastahili kuangaliwa upya.

Sasa itazame tena karatasi ya meneja. Imehesabu siku tatu. Maneno "kamili na ya mwisho" maana yake ni kwamba daktari akikuta ufa wiki ijayo, plasta, upasuaji na miezi ya kutoshona vitakuwa mzigo wako peke yako. Mahakama haifungui kirahisi makubaliano ya namna hiyo. Mpaka uthibitishe kitu kama ulaghai au kulazimishwa, na kusema "sikujua nimeumia kiasi hiki" mara nyingi hakutoshi. Simlaumu meneja, huenda ana nia njema kabisa. Mwambie kwa adabu kwamba unashukuru, na kwamba mtazungumza baada ya majibu ya daktari. Akitaka kukurudishia gharama za sasa bila sharti, pokea, ila risiti iandikwe kwamba ni malipo ya sehemu tu.

Je, una dai? Nazungumzia nchi zinazofuata mfumo wa sheria uliotoka Uingereza. Mdai anatakiwa kuonyesha kwamba mwenye duka alikuwa na wajibu wa kumlinda, kwamba alizembea katika wajibu huo, na kwamba uzembe huo ndio uliomwumiza. Wajibu hauna ubishi, kwa sababu anayekaribisha wateja lazima awawekee mahali salama kwa kadiri inavyowezekana. Vita iko kwenye uzembe. Maji yale yalikuwa pale kwa muda gani? Yalitoka wapi? Kama mteja mwingine alidondosha chupa dakika moja kabla yako, duka linaweza kushinda, kwani sheria haidai sakafu iwe kavu kila sekunde. Lakini ulisema karibu na majokofu. Kama jokofu linavuja na wafanyakazi wanalijua, hali inabadilika kabisa, maana jambo linalojulikana na kuachwa ndilo uzembe wenyewe.

Ipo kesi ya Uingereza ya mwaka 1976 ambayo mawakili huitumia mpaka leo. Mama mmoja aliteleza kwenye mtindi uliomwagika sakafuni dukani. Hakuweza kuthibitisha ulimwagika saa ngapi, lakini alieleza kwamba wiki chache baadaye, katika duka hilohilo, aliona maji ya machungwa yamekaa sakafuni kama robo saa bila mtu kuyafuta. Mahakama ya Rufaa ikasema vitu vya aina ile havibaki sakafuni pale utaratibu wa usafi unapofanya kazi, hivyo ni duka litoe maelezo. Halikuwa nayo ya kutosha, mama akashinda. Kwa hiyo anayejua kama sehemu ile huwa na maji mara kwa mara, awe mteja au jirani, ni shahidi wa maana kwako.

Kuhusu simu, usiikane. Ukiulizwa, sema kweli. Zamani kosa dogo la mdai liliweza kulizima dai lote, na baadhi ya majimbo ya Marekani, kama Maryland, bado yana msimamo huo. Uingereza iliuacha kwa sheria ya mwaka 1945, na nchi nyingi nazo hugawa lawama: mahakama ikiona asilimia 20 ni yako, unapata 80 ya fidia. Ile "samahani" uliyomwambia meneja ni neno la mtu aliyeanguka mbele za watu na kuona aibu. Itatajwa, itapimwa pamoja na mengine, lakini haiyakaushi yale maji.

Bango la mlangoni lisikutishe. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1977, mfanyabiashara hawezi kwa tangazo kujivua dhima ya kifo au majeraha yaliyosababishwa na uzembe wake. Kwingine masharti hutofautiana, ila usikubali kuambiwa kwamba bango peke yake limemaliza mjadala.

Muda wa kufungua kesi nao una ukomo. Uingereza kwa kawaida ni miaka 3, jimbo la Tennessee kule Marekani ni mwaka 1 tu. Muulize wakili wa mahali ulipo mapema.

Leo hii, viatu ulivyovaa siku ile vitie kwenye mfuko vilevile vilivyo. Usivivae, usivioshe. Upande wa pili karibu lazima utasema soli ilikuwa imeisha, na soli yenyewe ndiyo itakayojibu. Weka pamoja kila risiti, na orodha ya kazi za wateja ulizozirudisha au kuzichelewesha, pamoja na bei zake. Waliojiajiri hupoteza fedha nyingi kwenye fidia kwa kukosa karatasi za kuonyesha kipato walichopoteza.

Kesho asubuhi peleka barua dukani. Kamera za ulinzi hujifuta zenyewe, picha mpya ikiandikwa juu ya ya zamani, pengine baada ya siku au wiki chache, na siku sita zimeshapita. Andika hivi:

"Tarehe fulani, saa fulani, niliteleza kwenye maji karibu na majokofu ndani ya duka lenu na kuumia mkono wa kulia. Naomba mhifadhi picha zote za kamera za eneo hilo, kuanzia saa mbili kabla ya tukio hadi saa moja baada yake, daftari la usafi la siku hiyo, taarifa ya tukio, na kumbukumbu za matengenezo ya majokofu hayo. Barua hii si makubaliano ya kumaliza madai yangu."

Toa nakala mbili. Anayeipokea aandike jina, tarehe na saa kwenye nakala utakayoondoka nayo, na asaini.