Grothi fakta: ni sababu, homoni au vichocheo?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja nesi, yuko Mbagala. Anasema alikuwa anamsafisha kidonda mzee mwenye sukari, kidonda cha mguu kile kisichotaka kufunga, akaona amweleze kwa nini kinachelewa, na karatasi aliyopewa semina imeandika "sababu za ukuaji", basi akaisoma kama ilivyo: "Mzee, sababu zako za ukuaji zimepungua." Mzee akamkazia macho, "Kwani kuna kitu kinakua humo?" Ikabidi aanze kumtuliza upya. Sasa anauliza, hizi growth factor za Kiingereza (grothi fakta), zinazoziagiza seli zifanye kazi, Kiswahili chake ni kipi, sababu, vichocheo, au aseme tu homoni yaishe?

Dada pole, ila mzee kasikia Kiswahili vizuri kuliko aliyetafsiri hiyo karatasi. Huku kwetu mtu mzima ukimwambia kuna ukuaji mwilini mwake anawaza uvimbe, basi. Mtoto ndo anakua, tena tunafurahi. Mzee wa miaka sabini akue nini?

"Sababu" tuitupe mapema. Sababu ni jibu la "kwa nini", haitoki kwenye seli wala haikai kwenye chupa. Hizi fakta ni vitu vya kushikika, nyingi ni protini, seli moja inaitoa na seli nyingine inaipokea. Mtafsiri kaona fakta kafungua kamusi kachukua maana ya kwanza, kaenda kula.

Homoni nayo hapana, maana homoni ya ukuaji ipo na ni kitu kingine kabisa, inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo inasafiri na damu mwili mzima. Grothi fakta nyingi kazi yao ni hapo hapo jirani, kama mtu anaita dirishani. Nyingi, sio zote, maana ile erithropoietini inatoka kwenye figo inakwenda mpaka kwenye uboho wa mifupa kuagiza chembe nyekundu za damu, ndo maana ukiona mgonjwa wa figo za muda mrefu mara nyingi na damu inampungukia. Kwa hiyo mpaka wenyewe una ukungu kidogo, lakini kwa kumweleza mgonjwa usichanganye majina.

Tunabaki na vichocheo, na hapa mi naona ndo penye nafuu. Kuchochea tunakujua wote tangu moto wa kuni. Ila angalia mwisho wa neno, ni kichocheo, sio kichochezi, maana ukishaweka -zi hapo watu wanasikia uchochezi, kesi na polisi. Tatizo lake dogo ni kwamba darasani homoni nazo wanaziita vichocheo, na kwenye kemia kuna vichocheo vingine, kwa hiyo likisimama peke yake halitoshi. Kuna aliyewahi kuniuliza kwa nini tusiseme "kikuza seli", kama tunavyosema kipaza sauti na kizima moto. Kwa umbo ni neno zuri sana, nalipenda, lakini linadanganya. Seli haikuzwi ikanenepa kama kuku wa kisasa. Inaambiwa igawanyike, au ihame pale ilipo isogee kwenye jeraha, au ikomae iwe ya kazi fulani, na wakati mwingine inaambiwa tu isife.

Na kuna fakta ambazo kwa baadhi ya seli zinasema acha, usigawanyike! Mi huwa nawaza konda wa daladala. Anagonga bodi, dereva anaondoka, anagonga vingine dereva anasimama. Kule kugonga sio petroli, ni amri tu, na dereva lazima awe na sikio la kuisikia. Hilo sikio kwenye seli linaitwa kipokezi, neno zuri halina ubishi. Kipokezi kikiharibika kikawa kinasikia kugongwa wakati hakuna aliyegonga, gari haisimami vituoni, na hiyo ni njia mojawapo kansa inavyoanza. Kwenye mwili wenye afya konda anagonga pale tu panapohitajika.

Cha kuchekesha hata jina la ukuaji kwa Kiswahili lingekuwa lingine. Mtafiti Rita Levi-Montalcini, aliyeivumbua grothi fakta ya kwanza, ile ya neva, alikuwa Rio de Janeiro mwaka 1952, akaweka vipande vya neva za kijusi cha kuku karibu na vipande vya uvimbe wa panya, ndani ya saa chache nyuzi za neva zimetokeza pande zote kama miale ya jua. Sasa mswahili gani angesema neva zimekua? Zimeota! Ndevu zinaota, jino linaota, nyama ya kidonda inaota. Mwenzake Stanley Cohen akawadunga panya wachanga sindano ya maji yaliyotoka kwenye tezi za mate za panya, wakafumbua macho mapema kuliko kawaida na meno yakawahi kuota, naye akafuatilia mpaka akapata fakta ya pili, ya ngozi. Wakapewa Nobel pamoja mwaka 1986.

Kwa hiyo kwenye maandishi andika "vichocheo vya ukuaji wa seli", na mara ya kwanza ongeza kwamba ni protini za kuipa seli amri. Kitandani kwa mgonjwa achana nalo kabisa. Mtu akijikata kisu jikoni, damu ikiganda, chembe sahani (zile chembe ndogo za kugandisha damu) zinamwaga vichocheo pale pale, seli za kushona zinaitwa, mishipa midogo inaitwa, chini ya kigaga nyama inaota mpaka ngozi inashika. Kwenye sukari ule wito unafifia na masikio yanakuwa mazito. Marekani mwaka 1997 waliruhusu mpaka dawa ya kupaka yenye kichocheo cha aina ile ile ya chembe sahani, kwa vidonda vya miguu vya sukari hasa.

Mzee wako mwambie hivi: "Baba, mwili una sauti ya kuita nyama iote kwenye kidonda, sasa sukari ikipanda ile sauti haisikiki vizuri, tuishushe sukari na kidonda tukiweke kisafi." Akiuliza tena kama kuna kitu kinakua humo, mjibu hapana baba, kinaota, tena kinaota taratibu mno.