Je, sala ya mama anayemlilia mwanawe ni batili?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mama, ninakaa Majengo hapa Moshi. Mwanangu alikwenda Afrika Kusini kutafuta riziki, na huu ni mwaka wa 4 sijaisikia sauti yake. Mchana ninajikaza kwenye genge langu la mboga, lakini nikisujudu alfajiri machozi hunishinda. Ustadhi mmoja katika darsa yetu amesema sala zangu zote ni batili na nizilipe, kwa kuwa ninamlilia kiumbe, na kwamba majonzi ya muda wote huu ni kutoridhika na kadari. Amenikataza pia kumwekea mwanangu kikombe chake cha uji wakati wa futari, kila Ramadhani. Je, nimekuwa nikisali bure?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama yangu, hukusali bure, wala huna sala ya kulipa.

Hukumu yenyewe ni fupi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi wetu hapa, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj, kitabu chake cha fikihi, kwamba kilio hubatilisha sala pale sauti yake inapodhihirisha herufi mbili, yaani ikawa kama neno lililotamkwa. Isipodhihirisha, hakuna ubaya, na kilichomshinda mtu kikiwa kidogo anasamehewa. Kwa hiyo machozi yanayotiririka hadi kwenye mswala, na kifua kinachotikisika kimya kimya, havina hukumu yoyote. Huenda ustadhi amesikia kauli ya Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, ambao hutofautisha kilio cha kuikumbuka Pepo na Moto na kilio cha msiba, lakini hata wao wanazungumzia kilio cha sauti.

Kinachonisumbua zaidi ni hilo neno “kumlilia kiumbe”. Kiswahili chetu kinalitumia kwa maana mbili: kulia kwa ajili ya mtu, na kumwelekezea mtu kilio ili akusaidie. Hii ya pili, ukiielekeza kwa asiyekuwa Mungu katika lile lisilowezwa na yeyote ila Mungu, ndiyo inayogusa tauhidi, yaani imani ya Mungu mmoja. Wewe umeweka paji la uso chini mbele ya Mola wako, ukamlilia Yeye kwa ajili ya mwanao. Mwalimu aliyeshindwa kutofautisha mambo haya mawili angenyamaza kwanza, kabla ya kumbebesha mama mwenye jeraha deni la sala za miaka 4.

Tuje kwenye kadari. Ustadhi bila shaka anaijua Sura ya Yusuf, kwa kuwa hoja ya “subira njema” hutolewa humo. Basi na aendelee kuisoma. Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, aliyempoteza mwanawe Yusuf, alisema subira njema katika aya ya 83. Katika aya ya 84 akaomboleza majonzi yake juu ya Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Na katika aya ya 86 akasema kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Ni mtu yuleyule, na ni Mtume. Na baina ya aya hizo, katika aya ya 85, ni nani waliomlaumu kwamba haachi kumkumbuka Yusuf mpaka aangamie? Ni wanawe, wale wale waliomtumbukiza ndugu yao kisimani. Sidhani kama ustadhi wetu alikusudia kusimama upande huo, lakini ndiko maneno yake yalikomfikisha.

Imamu Bukhari amenukuu kutoka kwa Abdullah bin Shaddad kwamba alikuwa katika safu za mwisho akasikia kwikwi za Sayyidna Umar, khalifa wa pili, naye akiisoma katika sala aya hiyohiyo ya 86 ya Yaaqub. Hatujasikia kwamba waliokuwa nyuma yake waliamrishwa kulipa.

Utulivu unaoutafuta katika sala, mama, usiupime kwa kusahau. Mzigo huu utaendelea kuwa wako. Sala inakupa mahali pa kuutua mara 5 kwa siku, kisha unaamka nao ukiwa na nguvu kidogo. Ukiwa katika sijida muombe moyoni. Ukishatoa salamu, kaa hapohapo umweleze Mola kwa Kiswahili chako, au kwa Kipare au Kichaga, bila haraka, hata kama ni maneno yaleyale ya jana.

Lakini Yaaqub hakuishia kwenye machozi. Katika aya ya 87 aliwaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo chukua picha ya kijana, nakala ya pasipoti yake kama ipo, na majina ya wenzake aliosafiri nao, uende Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho kina huduma ya kutafuta ndugu waliopoteana; na barua iandikwe kwa ubalozi wetu ulioko Pretoria. Wanaokushauri usome hitima waambie wangoje, maana kisheria aliyepotea huhesabiwa yu hai mpaka uthibitike ushahidi au kadhi ahukumu. Na atakayekupeleka kwa mpiga ramli usimfuate, hata akiwa ndugu yako.

Kuhusu kikombe, hiyo si ibada bali ni mkono wa mama uliozoea, nami sioni sababu ya kukukataza. Ila usiache uji upoe. Adhana ya magharibi ikisikika, mpe kijana yeyote wa jirani aliyefunga afuturu kwa kikombe hicho, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mwenye kumfuturisha aliyefunga hupata ujira mfano wake.