Nyanya zikichanua, yurea iache stoo

Wadogo zangu, jana nimepita shamba la kijana mmoja huku Ilula. Nyanya zimechanua njano tupu, na yeye kainama anatia yurea, kisoda kimoja kila shina. Kuniona akatabasamu: "Kaka, nazikuzia!" Nilijiona mwenyewe, msimu wangu wa pili.

1. Yurea. Naitrojeni asilimia 46, basi, hakuna kirutubisho kingine humo. Msimu ule nilikuwa na robo eka. Maua yalipoanza nikaona majani yamepauka kidogo, roho ikakosa utulivu, nikatia visoda viwili viwili. Wiki haikuisha, miche imenona, majani kijani cha kukaribia weusi, kila apitaye anasifia. Nikachukua matenga 40 kwa mkopo. Asubuhi moja naenda kufunga kamba, naona njano chini ya mashina. Maua yamekatikia pale kwenye kifundo cha kikonyo. Nikasema wadudu hawa, nikapuliza. Yakazidi. Nikasema kiu, nikafungulia mfereji usiku kucha. Kishada cha maua saba kikabaki na tunda moja. Kumbe ni ile yurea: ilinenepesha majani, maua yakaanguka. Nilivuna matenga sita. Yale 34 yalikaa nyuma ya nyumba hadi kuku wakataga humo, na mama mkwe alipokuja akauliza kama nimehamia ufugaji.

Siku hizi kwenye maua natia NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potashi) yenye potashi nyingi, na kalsiamu naitreti kidogo kidogo.

2. Maji. Kiasi, kwa ratiba, asubuhi. Ukikausha siku nne kisha ukagharikisha, kitako cheusi hicho, tunda linaoza upande wa chini. Mtakimbilia dukani kununua kalsiamu, kumbe mara nyingi imo udongoni, imekosa maji ya kuipandisha. Chomeka kidole kabla ya kufungulia.

3. Kalsiamu naitreti na mbolea yoyote ya salfeti hazikai pipa moja. Zinagandisha unga mweupe, mipira ya dripu, ile ya kumwagilia tone kwa tone, inaziba. Sikukuu ya Idi mwaka juzi wenzangu wanakula pilau, mimi nazibua matundu kwa sindano ya kushonea.

4. Busta, ile mbolea ya maji ya kupuliza majani: soma lebo. Na usipulize saa sita mchana, jamani.

Yule kijana alifunga mfuko, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na mistari mitatu niliyoshatia?" Nikakunja suruali. Tukainama wote wawili, tukaokota punje moja moja kabla maji ya mfereji hayajafika.