Usukani wa ndege unacheza: usikimbilie kukaza nati

Pole ndugu yangu wa Ilemela. Ndege unayoijenga nyumbani haijaruka bado, na usukani tayari unacheza. Ninavyoona, bolti ya kiungo cha usukani inazunguka ndani ya tundu lake na kulitafuna. Mwone fundi wa kuchonga vyuma pale Nyakato akutengenezee bushi ya chuma, yaani kijibomba cha kuvishwa kwenye bolti, ndefu kidogo tu kuliko bomba la kiungo inamoingia. Ukikaza, bolti ibane bushi, na bomba ndilo lizunguke juu yake. Tia grisi, unyevu wa ziwa huleta kutu. Nati ifungwe kwa pini, maana ile inayojibana kwa pete ya plastiki ndani yake, peke yake hulegea kwenye kiungo kinachozunguka. Tundu lililopanuka usilijaze kwa kulehemu, tafadhali sana! Mwite mhandisi wa ndege mwenye leseni ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, alikague kabla hujaruka.